Sura ya Sita: Kurudi Majini

Ruba waliomganda Humphrey Bogart walikuwa wa mpira, na mto aliokuwa ameingia ulikuwa tangi la studio huko Isleworth, magharibi ya London. Mwongozaji wa filamu, John Huston, alitaka ruba wa kweli. Akamleta studio mfugaji wa ruba na chombo chake kimejaa tele. Bogart akagoma. Mwishowe wakaelewana: mwilini mwa steringi wabandikwe ruba wa mpira, na ruba wa kweli apigwe picha ya karibu akiwa kifuani mwa mfugaji mwenyewe. Kwa hiyo siku ukiitazama The African Queen, filamu ya mwaka 1951, ukafika pale Bogart anapotetemeka kwa karaha, fahamu kwamba mtetemeko ni wake, kifua ni cha mtu mwingine, na mto ni wa bomba.

Naishi Hounslow mwaka wa kumi na mbili sasa. Kutoka High Street hadi Worton Road, Isleworth, ni nusu saa hivi kwa miguu, ndege za Heathrow zikikushukia utosini moja baada ya nyingine. Na upepo ukigeuka vibaya unaletewa harufu ya Mogden, kunakosafishwa maji taka ya sehemu kubwa ya upande huu wa jiji. Hapo Worton Road ndipo lilipo jumba la Worton Hall. Filamu zilianza kutengenezwa humo mwaka 1914. The Third Man ilipitia hapo. Mwaka 1952 studio ikafungwa, na eneo likachukuliwa na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na matumaini ya kipumbavu ya kuona tangi. Nikaona magari yameegeshwa.

Karibu nusu ya The African Queen ilipigwa Kongo ya Mbelgiji na Uganda: Mto Ruiki, Butiaba, maporomoko ya Murchison. Kuhara kuliwapiga watu wa kamera na waigizaji mpaka kazi ikawa ya kukokotana. Katharine Hepburn, aliyekunywa maji kama mtu mwenye adabu zake, aliugua sana. Bogart na Huston walijigamba baadaye kuwa walisalimika kwa sababu hawakugusa kinywaji ila wiski. Boti ya filamu yenyewe ilizama ikabidi ivutwe kutoka chini. Lakini kila pale unapowaona Bogart na Hepburn ndani ya maji, hiyo ni Isleworth, kwani maji ya kule yalionekana hatari mno. Robert Morley, anayecheza mmisionari Samuel Sayer, hakukanyaga Afrika hata siku moja.

Nimeanza na tangi makusudi. Watu wakiulizwa kwa nini filamu ya vituko ya kwanza huishinda ya pili, wengi hujibu kwamba ya kwanza ilikuwa ya kweli, ilitoka moyoni, na ya pili ni ya kutafuta hela. Sam Spiegel, aliyeitafutia The African Queen fedha, hakuwa akitoa sadaka. Na ukweli wenyewe umeuona: mpira, bomba, na kifua cha kuazima. Jibu liko kwingine, na mimi nililipata dukani.

Kuna mzee mwenye duka la vyakula mtaani kwetu, Mhindi aliyezaliwa Mwanza na kuondoka huko miaka ya sabini akiwa kijana. Kiswahili chake kimebaki palepale alipokiacha. Husema “bwana mdogo” kwa namna ambayo sijaisikia tangu babu yangu afariki. Siku moja nilimkuta anatazama Rambo kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya friji ya soda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, bwana mdogo. Hii ni ya ngapi?”

Nikatazama. Upinde, mishale ya kulipuka, matope. “Ya pili.”

“Ya kwanza alikuwa analia,” akasema mzee. “Hii halii. Imeharibika.”

Nilimpinga kwa bidii, kwa sababu mimi ni mtoto wa kibanda umiza. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda hivyo vya video, chini ya mabati, tuliijua ya pili tu, ile ya mwaka 1985. Ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, tulipokuja kuiona tulihisi tumetapeliwa: mtu mmoja tu anakufa, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta, na mwishoni steringi anamlilia mkubwa wake wa jeshini kama mtoto aliyepotea sokoni. Nani alilipa kiingilio aje kuona kilio? Rambo wa pili ndiye aliyetuingia mpaka kwenye lugha. Mfuko wa plastiki Tanzania uliitwa “mfuko wa rambo” kwa sababu ya picha yake iliyochapwa juu yake, na serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, jina halikukamatwa. Watafsiri wa filamu kama Lufufu, waliokuwa wakituingizia sauti zao juu ya Kiingereza tusichokielewa na kanda zao kuuzwa Kariakoo, walijua kabisa tunataka nini: steringi hafi, na hapotezi muda.

Lakini njiani kurudi nyumbani neno la mzee lilinikaa. Halii. Lile neno “imeharibika” niliweza kulijibu. Hilo la kutolia lilinirudisha kwa Bogart na ruba wake, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama mara nyingi bila kukiona.

Hadithi ni fupi. Septemba 1914, kijiji cha kubuni katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani na askari wao wanakichoma kijiji. Samuel Sayer anapotewa na akili na kufa. Dada yake Rose, ndiye Hepburn, mama wa Kimethodisti mwenye kola inayofunga hadi kooni, anaondoka na Charlie Allnut, ndiye Bogart, fundi mwenye boti ya mvuke na chupa za jini (la dukani, si la baharini). Rose anatoa wazo la kichaa: watengeneze topido kwa mitungi ya oksijeni, washuke mto mpaka ziwani, waizamishe Louisa, meli ya kivita ya Mjerumani. Mto unaitwa Ulanga. Mwenyeji wa Mahenge atacheka hapo, maana Ulanga tunaoujua unakwenda kuungana na Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Huu wa kwenye filamu umegeuzwa njia ukaelekezwa ziwani. Na Waafrika wa filamu hii wamepewa kuimba kanisani, kukimbia na kulenga bunduki. Neno la kusema hawakupewa. Hilo nalisema mara moja tu, kwa sababu lisiposemwa linakaa kooni.

Sasa tazama maporomoko. Charlie amemchukua Rose kwenye maporomoko ya kwanza akitumaini kwamba mama huyu ataogopa, ataachana na mpango, na yeye atarudi kwenye chupa zake. Wanatoka upande wa pili wamelowa. Rose anang’aa. Hajawahi kuonja kitu kama kile maishani mwake. Msukosuko wa boti umemfanya mtu mwingine, na Charlie anamtazama kwa hofu, kama mtu aliyefungua kabati na kukuta lina ngazi. Filamu nyingi za vituko hukosea hapo, zikampa mtu kituko kimoja, kisha kingine kikubwa zaidi, na mwenyewe akabaki vilevile kama mfuko wenye picha yake.

Kisha matete. Maji yanakuwa haba, injini haisaidii, na Charlie anashuka na kuikokota boti kwa kamba, maji yakimfika kiunoni. Anapopanda ana ruba mwili mzima, naye hakuna kiumbe anachokichukia kama ruba. Wanatolewa kwa chumvi, anatetemeka, anakaa kimya kidogo. Boti haijasogea vya kutosha. Rose anamtazama na hasemi kitu. Charlie anaishika kamba na kushuka tena.

Hapo ndipo filamu nzima ilipo, kwa maoni yangu. Mara ya kwanza aliingia majini kama mtu yeyote anavyoingia majini. Mara ya pili anajua kilichomo. Maji hayajabadilika, matete ni yaleyale, hakuna mlipuko wala mwamba mpya. Kilichoongezeka ni kwamba sasa anajua, na kwa sababu anajua, hatua zake tatu za kushuka zina uzito kuliko maporomoko yote. Huo ni mwendelezo wa dakika mbili ndani ya filamu moja, nao unaushinda mwanzo wake.

Tangu siku hiyo, kila filamu ya pili naipima kwa swali hilohilo: anayerudi majini anajua kuna ruba?

Chukua Aliens ya mwaka 1986. Ile ya kwanza, Alien ya Ridley Scott, ilitoka mwaka 1979, ilitengenezwa Shepperton, nayo ni filamu ya watu saba ndani ya meli wasiojua kinachowawinda. James Cameron alipopewa ya pili, akaitengeneza Pinewood na katika kituo cha umeme kilichoachwa huko Acton, si mbali na hapa, alifanya jambo la akili. Alimchukua Ripley, yule aliyepona kati ya wale saba, akamwamsha baada ya miaka 57 ya usingizi, akampa ndoto za kutisha na wakubwa wa kazi wasiomwamini, kisha akamwambia rudi. Wanajeshi wanaokwenda naye wana bunduki za kila namna na wanacheka. Yeye peke yake hacheki. Bunduki na majoka ya ziada ni mapambo tu. Filamu inasimama kwa sababu chumba kizima kina mtu mmoja anayejua, na tunaogopa kupitia macho yake.

Na Rambo? Mzee wa duka alikuwa na haki, ingawa nusu. Sababu ya kurudi Rambo anayo. Vietnam ndiyo maji yaliyomgandisha ruba wa maisha yake yote, na ya kwanza ilituambia hivyo kwa kilio kile. Wakamrudisha kwenye maji yaleyale, lakini wakasahau kumpa mtetemeko. Anaingia kana kwamba ruba ndio wanaopaswa kumwogopa. Vibandani tulipiga makofi, na hata leo nitapiga. Ila sitadai tena kwamba ni filamu bora.

Mfano wa ajabu zaidi wa mtu kurudi sehemu ileile siku ya pili umo humohumo katika njia aliyopita Huston, nao si wa filamu. Januari 1954 Ernest Hemingway alikuwa akitazama maporomoko ya Murchison kutoka angani. Ndege ikagonga waya wa simu, ikaanguka. Akatoka na maumivu ya kuvumilika. Kesho yake akafikishwa Butiaba, akapanda ndege nyingine. Ikashika moto kabla haijaruka vizuri, na huko ndiko alikoumia hasa, akautumia utosi wake kubomolea mlango. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshaanza kumwombolezea. Mtu anayepanda ndege ya pili siku moja baada ya kuanguka na ya kwanza, huyo anajua kuna ruba.

The African Queen yenyewe ilipata sehemu ya pili, na bila shaka wengi mnaoisoma sura hii hamjapata kuisikia. Kabla yake lakini kulikuwa na ya mlango wa nyuma. Mwaka 1975 ilitoka Rooster Cogburn, mwendelezo wa True Grit ya mwaka 1969 iliyompa John Wayne tuzo yake ya Oscar. Ndani yake yumo Katharine Hepburn. Anacheza binti wa mmisionari aliyeuawa na majambazi. Anafuatana na mlevi. Wanashuka mto kwa chelezo, na kuna baruti. Ukiwa na macho unaona kwamba filamu hiyo imebeba jina la mwendelezo wa True Grit, huku tumboni ikiwa na mimba ya Ulanga. Naipenda kidogo kwa ujanja wake. Hepburn anatembea humo kama mtu aliyeurudia mtaa aliowahi kukaa, anaijua kila nyumba na hahitaji kubisha hodi mahali.

Mwendelezo rasmi ulikuja mwaka 1977, kwenye televisheni ya CBS ya Marekani, ukiongozwa na Richard C. Sarafian. Warren Oates akawa Charlie, Mariette Hartley akawa Rose. Ulikusudiwa uwe jaribio la kuanzisha tamthilia ya kila wiki, na tamthilia haikuanzishwa. Sitawalaumu waigizaji, Oates alikuwa mtu wa kutosha kwa kazi yoyote yenye jasho. Tatizo lilikuwepo kabla kamera haijawashwa. Filamu ya Huston inaisha kila kitu kimeshatumika: mitungi imelipuka, Louisa imezama, nahodha Mjerumani amewafungisha ndoa dakika chache kabla ya saa aliyopanga kuwanyonga, Rose ameshakuwa mtu wa mto na Charlie ameshakuwa mtu wa Rose. Hofu zao zote wamezimaliza. Ukiwachukua watu hao ukawapa Wajerumani wengine na mto mwingine, wataingia majini wakavu rohoni. Na tamthilia ya kila wiki ndiyo mbaya zaidi, kwani wiki ijayo lazima uwakute walivyokuwa wiki iliyopita.

Ajabu ni kwamba hadithi ya kweli iliyomlisha C. S. Forester riwaya yake ya mwaka 1935 ilikuwa na sehemu ya pili nzuri kuliko ya kwanza. Imeelea Kigoma karibu miaka mia.

Meli iliyomtia Forester wazo hilo iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Waingereza wakajibu kwa boti mbili ndogo za injini zilizojaribiwa kwenye Mto Thames Juni mwaka huohuo, mto uleule unaopita Isleworth. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyependa kuvaa sketi, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa kwa Kifaransa cha watoto. Zikaletwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa trekta za mvuke, kwa ng’ombe na kwa mikono ya watu ambao filamu haiwakumbuki. Zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani siku moja baada ya Krismasi 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916.

Götzen hazikuigusa. Spicer-Simson aliiona, akaiacha iende zake. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, karibu na Kigoma, ili isianguke mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Kama mtu anayekunja nguo za msiba na kuziweka nondo zisizile, walijua kuna siku.

Siku ikafika. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Mama yangu mkubwa aliipanda Kipili akiwa msichana. Hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali ikapiga honi usiku, mitumbwi ikaizunguka, na abiria, mbuzi na magunia ya dagaa vikapandishwa kupitia mlango wa ubavuni huku kila mtu akipiga kelele. Alisema aliogopa ule mlango kuliko maji.

Mei 2015 Warundi kwa maelfu waliikimbia nchi yao wakajazana Kagunga, ufuko mwembamba ulio kati ya mlima na ziwa usio na barabara. Liemba ikapelekwa kuwachukua, safari baada ya safari, hadi Kigoma. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wamekaa Tanzania kabla, kambini Mtabila, wakarudishwa kwao kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Walipopanda ile meli walijua kambi ilivyo, foleni ya unga ilivyo, miaka inavyopita humo. Wakashuka wakavuka maji hadi ubavuni mwa meli, watoto juu ya mabega.

Nilimsimulia haya mzee wa duka jioni moja wateja walipopungua, tangu ruba hadi Kagunga. Nikamwambia pia kwamba Louisa ya kwenye filamu ilichezwa na tagi ya mvuke Buganda, ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, iliyofanya kazi Ziwa Victoria. Akafumba macho akijaribu kuikumbuka, akashindwa. Akasugua kaunta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

“Hiyo Liemba,” akasema, “inafika Mwanza?”

“Hapana mzee. Hilo ni ziwa jingine.”

“Najua ni ziwa jingine,” akasema. “Nimeuliza tu.”